Funika Majina, Uone Kama Utawatambua

Swali: Mwalimu, shikamoo. Naandika riwaya yangu ya kwanza. Wenzangu watatu wameisoma na wote wamesema jambo moja: masimulizi yanakwenda vizuri, lakini wahusika wakifungua mdomo tu, hadithi inapoa. Nimekuletea kipande. Kaka na dada wanazungumzia nyumba waliyoachiwa na mama yao. Kaka anataka iuzwe, dada hataki. Kosa liko wapi?

*"Dada yangu Zawena, kama unavyojua, mama yetu alifariki miezi mitatu iliyopita akatuachia nyumba hii," alisema Hamadi kwa huzuni.*

*"Ndiyo, kaka yangu Hamadi. Nadhani tusiiuze kwa sababu ina kumbukumbu nyingi," alijibu Zawena kwa msisitizo.*

*"Lakini mimi nina madeni mengi, kwa hiyo nataka tuiuze," alifafanua Hamadi.*

Jibu: Marahaba. Nimekisoma kipande chako mara tatu, mara ya tatu kwa sauti, na hapo ndipo nilipoona kwamba Hamadi hasemi na dada yake. Anasema na mimi msomaji. Zawena anajua kwamba mama amefariki, anajua ni lini, anajua kwamba huyu aliye mbele yake ni kaka yake na kwamba anaitwa Hamadi. Asiyejua ni mimi, nawe umembebesha Hamadi mzigo wa kuniarifu. Mtue. Habari hizo zipeleke kwenye masimulizi, sentensi moja itatosha, au ziache zijitokeze zenyewe polepole. Msomaji ana subira kuliko unavyodhani.

Kosa la pili ni zito zaidi. Wote wawili wanasema wanachokitaka, waziwazi, na kila kauli inapata jibu lake kamili. Watu wanaogombania kitu kinachowauma hawaongei hivyo. Wanazunguka. Wanashika kitu kidogo kilicho karibu, wanagombana kupitia hicho. Nimejaribu kuliandika upya tukio lako. Usilichukue kama lilivyo, maana wahusika ni wako na unawajua kuliko mimi, litazame tu.

*"Saa imesimama," alisema Hamadi.*

*Zawena hakuinua macho kutoka kwenye sanduku. "Betri ziko kwenye droo."*

*"Imesimama tangu lini?"*

*"Droo ya chini."*

*"Si nakuuliza wewe. Wewe ndiye uliyekuwa ukikaa naye."*

*"Upande wa kushoto, Hamadi."*

*"Yule mtu atakuja kesho asubuhi. Kuangalia tu."*

*"Ukiziweka, usiirekebishe. Mama alikuwa akiitanguliza dakika kumi."*

Neno "kuuza" halimo. "Madeni" halimo, wala "kumbukumbu". Hata hivyo unajua nani anataka nini, na unajua kwamba dada ndiye aliyemuuguza mama na kaka hakuwapo. Zawena ameulizwa saa imesimama tangu lini, hajajibu hadi mwisho, na kule kutojibu ndiko kunakosema. Mwaka 1927 Ernest Hemingway alichapisha hadithi fupi, Hills Like White Elephants, ambayo karibu yote ni mazungumzo ya mwanamume na mwanamke wanaosubiri treni. Wanabishana kuhusu operesheni ambayo mwanamume anataka mwenzake afanyiwe, na haitajwi ni ya nini. Msomaji anaielewa kwa sababu ya namna wanavyoikwepa. Kabla hujaandika tukio lolote la mazungumzo, jiulize ni neno gani ambalo wahusika hawa hawawezi kulitamka. Ukishalipata, wazuie wasilitamke kwa kadiri utakavyoweza.

Sasa nije kwenye jambo ambalo nilifunzwa kwa uchungu. Mswada wangu wa kwanza ulirudi kutoka kwa mhariri ukiwa na kurasa nne ambazo majina yote ya wasemaji yalikuwa yamefutwa kwa wino mweusi. Pembeni ya kila ukurasa palikuwa na neno moja: "Nani?" Nilikaa nazo jioni nzima. Wahusika walikuwa watano, na niliweza kumtambua mmoja tu, mzee mwenye kigugumizi. Wanne waliobaki walikuwa na sauti yangu mimi. Tangu siku hiyo kila mswada wangu naupitisha kwenye jaribio hilo: nafunika majina, nasoma, najiuliza nani huyu. Fanya hivyo na wako wiki hii.

Jaribio hili lina uzito wa pekee kwetu tunaoandika kwa Kiswahili. Mwandishi wa Kiingereza akiwa na mwanamume na mwanamke chumbani, kiwakilishi tu kinamtosha kuonyesha nani kasema. Sisi tuna *a-* moja kwa wote. "Akasema... akasema..." na baada ya mistari minne msomaji amepotea. Wengi hujiokoa kwa kurudia majina kila mstari, mpaka ukurasa unasomeka kama orodha ya mahudhurio. Tegemea zaidi vitendo (mkono ndani ya sanduku, macho yasiyoinuka), na zaidi ya hapo tegemea usemi wenyewe. Katika kipande cha juu msemaji ametajwa mara moja kwa kila mmoja, lakini hukupotea, kwa sababu mmoja hatoki kwenye saa na yule mtu, mwingine hatoki kwenye droo.

Na lugha yetu imetupa vifaa vya kutosha. "Kwa nini hukunipigia?" ni swali. "Mbona hukunipigia?" tayari ni lawama. "Si ulisema utanipigia?" inaikamata ahadi na kuirudisha kwa mwenyewe. "Kwani nilisema nitakupigia?" inakana. "Eti alikupigia!" haiamini. Vijineno hivi ndivyo vinavyobeba moyo wa msemaji, na ndivyo waandishi wengi wanavyovichuja kwa kuogopa kwamba si sanifu. Ni sanifu kabisa. Mpe Hamadi "si" na "mbona" zake, yeye ni mtu wa kudai. Zawena asiwe na "mbona" hata moja katika riwaya nzima, kisha karibu na mwisho aitumie mara moja. Msomaji atashtuka bila kujua kilichomshtua.

Kuhusu "alifafanua" na "kwa msisitizo": viondoe. "Alisema" hupita bila kuonekana, na hiyo ndiyo kazi yake. "Alinong'ona" na "alifoka" viweke kwa pale sauti inapobadilika kwelikweli. Na ukishaandika "alifoka", usiongeze "kwa hasira". Hasira imo humo humo ndani ya kitenzi.

Swali: Mwalimu, mazungumzo niyafunge kwa alama za mtajo au nitumie vistari?

Jibu: Chagua kimoja ubaki nacho hadi mwisho wa kitabu. James Joyce, mwandishi wa Ireland, alipenda kistari; José Saramago, mwandishi wa Ureno, hakutumia kistari wala alama za mtajo, alitenganisha wasemaji kwa mkato na herufi kubwa. Kama ndiyo kwanza unaanza, alama za mtajo zitakusaidia zaidi. Lisilo na mjadala kwa anayeanza ni hili: msemaji akibadilika, anza aya mpya.

Swali: Nilirekodi mazungumzo ya ndugu zangu wawili, kwa ruhusa yao, nikayaandika neno kwa neno ili wahusika wangu waongee kama watu halisi. Nimekutumia kurasa sita. Hayasomeki, na sielewi kwa nini, maana ni ya kweli kabisa.

Jibu: Umefanya kazi nzuri, usiitupe. Ila sikio husamehe mengi ambayo jicho haliyasamehi. Tukisikiliza tunaona uso, tunasikia pumzi, na "yaani", "sasa", "unajua" zinapita tu. Kwenye karatasi kila neno linaomba kusomwa. Kwa hiyo chukua kutoka kwenye rekodi yako kile usichoweza kukibuni: pale mmoja anapomkata mwenzake kauli, swali lililopita bila jibu, neno ambalo kaka amelirudia mara tano bila kujijua. Mengine yaseme kwa taarifa. "Wakajuliana hali" inamaliza ukurasa wako wa kwanza wote. Salamu iache tu pale ambapo mmoja hakuiitikia.

Katika kurasa zako sita, anzia wa nne, pale dada anaposema, "Hebu rudia." Na mstari unaofuata, ule ambao kaka anaanza kuzungumzia mvua, usiuguse.