Kabla hujasema "mali kauli": kwa wageni wa mzigo wa viazi

Alhamisi, pale Isyonje, huku Mbeya, nilimsikia kijana mmoja aliyeingia kwenye kazi yetu msimu huu akimwambia bibi mwenye viazi: "Bibi, ondoa shaka, hii ni mali kauli. Jumatano mpunga unasoma." Yaani mzigo unaondoka leo kwa ahadi ya mdomo, hela inaingia Jumatano. Alilitamka neno hilo kama mtu anayelamba asali. Bibi akaitikia kwa kichwa, magunia yakapanda Fuso. Mimi roho ikanidunda, maana neno lile lile, barabara ile ile, lilishawahi kunitoka mdomoni.

Wadogo zangu, nawapenda na mnanichosha. Maneno ya kazi yetu ni matamu, hata mimi nikikaa wiki mbili nyumbani huwa nayakumbuka kabla ya kukumbuka hela. Lakini mnayachukua kama nguo za mtumba, mnavaa bila kuangalia mfukoni kuna nini.

1. Mpunga, mkwanja, buku, jero, msimbazi: hayo majina ya hela ni ya stendi na ya kwenu wenyewe. Kwa mkulima sema "hela". Nilimpeleka mwenzenu mmoja Ubaruku kutafuta mchele, akamwambia mzee mwenye ghala, "Mpunga ninao wa kutosha, mzee wangu." Mzee akamtazama, akageuka kutazama magunia yake, akauliza, "Sasa umekuja kununua nini?" Tulicheka wote, mzee akacheka mpaka akashika ukuta. Bei haikushuka hata mia.

2. Sado. Jina limetoka kwenye makopo ya rangi ya Sadolin, ya lita 4, na sado tano ndiyo debe lako. Nenda na ya kwako, kwa sababu nimeona zilizobonyezwa kitako na nimeona zilizotanuliwa mdomo.

3. Lumbesa. Neno hili nalipenda: ukilitamka unalisikia limetuna, kama gunia lenyewe. Kitu chenyewe nakichukia. Gunia limejaa, linaongezwa kichwa, linashonwa kwa kamba, na mkulima analipwa gunia moja. Sheria ya Vipimo, Sura 340, inataka mazao yauzwe kwa uzito na gunia lisizidi kilo 100. Msiniambie "ndiyo biashara ilivyo". Muulizeni mpakiaji mgongo wake unasemaje usiku.

4. Mali kauli. Hapa kaeni chini.

Ulikuwa msimu wangu wa pili. Neno nililipata kwa wafanyabiashara wakubwa wa Uyole. Walikuwa wanaambiana "nipe mali kauli" na mzigo unaondoka bila shilingi kuhama mkono. Nikaona huo ndio ukubwa. Nikapanda kwa mama mmoja juu huko Uporoto, viazi vyake vizuri, aina ya Kikondo safi, gunia 27. Nikamwambia, "Mama, mali kauli, wiki moja tu." Aliniuliza mara moja: "Kauli ya nani?" Nikajibu, "Yangu, mama." Akaokota kipande cha mkaa jikoni, akachora mistari 27 ukutani kando ya mlango, mmoja mmoja, huku tunapakia.

Fuso likashika moto breki Kitonga, ule mteremko mkali wa Iringa. Watu wa Dar wakipata kitu cha bure wanasema wamekula kitonga, kwa sababu ya ule mteremko. Sisi tuliulipia. Siku mbili tumekaa pale, suka, yaani dereva, na utingo wanahangaika na spea, mimi nainua turubai kuvipa viazi hewa, na kuanzia jioni ya pili nikaanza kusikia harufu. Tulipofika soko la Mabibo, Dar, tukakuta mzigo wa Njombe umeshatangulia na bei imelala. Wa kwangu ukadoda. Nilichoweza kuuza niliwauzia wakaanga viepe, kwa bei ya kutupa, na kilichobaki nikakimwaga kwa mikono yangu.

Yote hayo ni biashara, humpata mtu yeyote. Kosa langu ni lililofuata. Nilizima simu. Siku kumi na moja. Nilijiambia hasara si yangu peke yangu, kwamba gari likiharibika na mwenye mzigo naye anaumia. Huko ndiko kutojua neno. Kwenye mali kauli, mzigo ukishapanda gari ni wako: ukioza ni wako, bei ikianguka ni yako. Ulichoweka rehani ni mdomo wako, na mimi mdomo wenyewe niliufunga.

Siku ya kumi na mbili nikarudi Uyole, nikaambiwa kuna mama amekuja kwa basi mara mbili, anataja jina langu na rangi ya koti langu kwa kila bodaboda. Nikapanda kwake nikiwa na hela ya gunia tano. Nilijiandaa kutukanwa. Alinishika mkono, akauangalia, akasema: "Mwanangu, viazi huoza. Mimi nilidhani umekufa."

Sijawahi kusikia kitu kilichoniuma namna ile.

Akalowanisha kitambaa, akafuta mistari mitano. Nililipa kwa misimu miwili. Kila nikienda anafuta, saba, tatu, nane, na ile minne ya mwisho alinipa kitambaa nikafuta mwenyewe. Alama ya mkaa haikutoka yote. Ukuta ule ulibaki na kivuli kijivu mpaka walipopaka chokaa.

5. Cha juu, yaani hela unayojiongezea juu ya bei ya mkulima: mtajie tajiri wako, mwenye mtaji, kabla mzigo haujapanda gari.

6. Jifunzeni kusema "ndaga". Huku Rungwe ni asante, na mkulima akiisikia kwa mgeni uso wake hubadilika.

7. Asubuhi za Juni na Julai Isyonje hazina urafiki, koti si urembo.

Na wewe wa Alhamisi, najua unasoma hapa. Jumatano ni kesho. Yule bibi ana kitochi, kile kisimu cha vitufe, na nimemuona anavyokifunga kwenye kona ya kanga kisipotee. Mpigie leo jioni, kabla yeye hajakupigia, hata kama mpunga haujasoma. Mwambie mzigo umefika wapi na bei ikoje. Usipokuwa na vocha, pita kwangu.