Samaki wanahema alfajiri: tutie dawa?

SWALI: Nimeajiriwa kulisha sato kwenye shamba la mabwawa. Katika bwawa moja, kila alfajiri samaki hujazana juu ya maji wakipanua midomo. Jua likipanda wanazama na kula vizuri. Wiki hii wamekufa kadhaa, wengi wao wakubwa. Mwenye shamba anataka tutie dawa ya bakteria. Nimwambieje?

JIBU: Ndugu yangu, mwambie aiweke kando kwanza hiyo dawa. Ugonjwa haupoi kila jua linapochomoza. Samaki wenu wanakosa oksijeni. Mchana mwani, yaani vimea vidogo vya kijani vilivyo majini, huitengeneza. Usiku mwani huohuo huitumia, pamoja na samaki na uozo wa chini, hivyo hupungua kabisa karibu na mapambazuko. Tena wakubwa ndio hutangulia kufa, kama ulivyoona.

Leo usiku washa mashine ya hewa hadi jua lipande. Kama hamna, pampu irushe maji ya bwawa juu yaanguke kama mvua. Acha kulisha siku mbili. Sato mzima hafi kwa hilo, na usikubali kuharakishwa.

Kisha zamisha mkono wima, kiganja umekikunja kitazame juu. Kikipotea machoni kabla maji hayajafika kiwiko, na maji ni ya kijani, mwani umezidi: simamisha mbolea na ubadilishe sehemu ya maji.

Nina wasiwasi zaidi na ndoo yako ya chakula. Unapima, au unakadiria kwa macho? Sato wa gramu 200 hutosheka na takriban asilimia 2 hadi 3 ya uzito wake kwa siku. Samaki 1,000 wa ukubwa huo wana kilo 200, kwa hiyo ni kilo 4 hadi 6 tu, nusu asubuhi jua likishapanda, nusu alasiri. Magharibi usilishe, kwa sababu samaki anayesaga chakula hutumia oksijeni nyingi zaidi. Chakula cha kuelea kikibaki baada ya dakika 15, umezidisha. Vua wachache kila wiki mbili uwapime, urekebishe hesabu. Chakula chenye ukungu tupa, hata mwenye shamba akinung'unika. Sumu yake huharibu ini.

Waliokufa waopoe mapema, ufukie mbali na maji. Ukiona vidonda, macho yaliyotokeza au samaki anayeogelea akizungukazunguka, hapo mwite daktari wa mifugo achukue sampuli kabla ya dawa yoyote.