Yuexiu Park ya Guangzhou: kuingia ni bure

Umeuliza kama kuingia Yuexiu Park, bustani ya jiji la Guangzhou, China, kunalipiwa: ni bure kabisa, ndugu. Getini hakuna tiketi. Kama kuna aliyekuambia unalipa, huenda alichanganya bustani yenyewe na Mnara wa Zhenhai ulio ndani yake. Mnara huo wa ghorofa 5, uliojengwa mwaka 1380 enzi za wafalme wa ukoo wa Ming, ndimo lilimo Jumba la Makumbusho la Guangzhou, na hilo lina tiketi yake. Sanamu ya Mbuzi Watano, ziwa, mabaki ya ukuta wa kale wa jiji, vyote unatazama bila kulipa.

Nasema hivi kwa sababu nikifuata mzigo huko hulala mtaa wa Xiaobei, na bustani iko karibu, unafika kwa miguu. Ukitoka mbali, panda treni ya chini ya ardhi, laini ya 2, ushuke kituo cha Yuexiu Park. Nenda asubuhi mapema kabla joto halijapanda: wazee wanafanya taichi chini ya miti, wengine wanaimba kwa vikundi, raha tupu. Ila vaa viatu vya kutembelea, maana pana vilima na ngazi nyingi. Na pasipoti usiiache hotelini, makumbusho wanaweza kuiulizia.