Maswali na Majibu: Hesabu za klorini mtamboni

Mtambo wetu unapitisha mita za ujazo 120 kwa saa. Kwa dozi ya miligramu 2 kwa lita nilipata gramu 240, nikazidisha kwa 0.65 kwa sababu HTH yetu (unga wa klorini, yaani kalsiamu hipokloriti) ni ya asilimia 65. Mbona maji yanayotoka hayana klorini hata chembe?

Gramu 240 ni sahihi, maana miligramu 2 kwa lita ni gramu 2 kwa kila mita ya ujazo. Umekosea hatua iliyofuata: nguvu ya dawa hugawanya, haizidishi. 240 ÷ 0.65 ni gramu 369 za unga kwa saa. Ulipozidisha ulipata gramu 156, na humo klorini halisi ni gramu 101 tu, yaani dozi ya 0.85. Kama maji yako yanakula 1.3 kabla ya kubakiza chochote, utapima sifuri mpaka kesho.

Kiasi kinacholiwa na maji usikikisie. Jaza chupa tano maji yaliyokwisha kuchujwa, zitie dozi za 1, 1.5, 2, 2.5 na 3, zifiche jua dakika 30, kisha pima klorini huru, yaani ile ambayo haijaliwa na bado inaweza kuua vijidudu. Ile iliyobakiza 0.7, kama ndiyo shabaha yako, ndiyo dozi yako. Rudia kipimo mvua zikianza, maana maji ya mto ya Aprili si yale ya Januari.

Kwa tangi la dawa la lita 500, mchanganyiko wa asilimia 1 unahitaji kilo 7.7 za HTH. Pampu ya dawa uiweke lita 24 kwa saa, upate gramu 240 zilezile. Tangi litaisha baada ya saa 21 hivi, kwa hiyo zamu ya alfajiri isikute limekauka. Acha chokaa inayotokana na HTH itulie chini, na mrija wa kunyonya ukae sentimita 10 juu ya sakafu. Usipofanya hivyo vali huziba, pampu ikaendelea kugonga kama kawaida huku haisukumi kitu. HTH ya ndoo iliyokaa wazi hupoteza nguvu. Ipime kabla ya kuamini lebo.

Tangi la maji safi ni mita za ujazo 300. Nikigawanya kwa 120 napata dakika 150. Je, huo ndio muda wa kuweka kwenye CT?

Hapana. CT, kipimo cha nguvu ya kuua vijidudu, ni klorini huru iliyobaki kwenye tokeo la tangi (si dozi uliyotia) mara muda ambao asilimia 10 ya kwanza ya maji imeshatoka. Maji hupenda njia ya mkato. Yanaingia kona hii na kutokea ile, na yaliyobaki yanazunguka tu.

Chukua hali mbaya kuliko zote za siku: tangi likishuka hadi mita za ujazo 180 na mtiririko ukipanda hadi 150 kwa saa. Hapo ni dakika 72. Dakika hizo huzidishwa kwa kigezo cha umbo la tangi: lisilo na kuta za ndani hupewa 0.3, na likiwa na ingizo na tokeo vya kasi vilivyokaribiana, 0.1. Klorini iliyobaki ikiwa 1.0, CT yako ni 21.6 au 7.2.

Majedwali ya Marekani, kwa maji ya nyuzi 20 na pH 7.5, yanadai CT ya 67 kuua giardia (kijidudu cha kuhara) kwa logi 3, yaani abaki mmoja kati ya 1,000. Uchujaji kamili, wenye shabu, utuamishaji na mchanga, huhesabiwa logi 2.5, klorini inabakiwa na logi 0.5, sehemu moja ya sita ya logi 3, ambayo ni 67 ÷ 6, karibu 11.2. Kwa 21.6 umevuka, kwa 7.2 umeanguka, na tangi ni lilelile. Ukijenga kuta za kupishana ndani, kigezo hupanda hadi 0.5 au 0.7, na tofali ni rahisi kuliko klorini ya kila siku. Kriptosporidiamu, kijidudu kingine cha kuhara, hayumo katika hesabu hii: klorini haimwezi, anazuiwa na chujio au mwanga wa UV.

Tunatia chokaa pamoja na klorini ili kupandisha pH. Kuna ubaya?

Upo. Katika pH 7.5 karibu nusu ya klorini huru iko katika hali ile kali inayoua; katika pH 8 hubaki kama robo. CT ya giardia hapo juu hupanda kutoka 67 hadi 81. Hamishia chokaa baada ya tangi la klorini.

Bomba jipya la milimita 150, urefu mita 800: HTH kiasi gani ya kuua vijidudu ndani yake?

0.785 × 0.15 × 0.15 × 800 = mita za ujazo 14.1. Kwa miligramu 25 kwa lita ni gramu 353 za klorini, au gramu 543 za HTH. Suuza bomba kwanza, maana udongo hula dawa. Baada ya saa 24 klorini isiwe imeshuka chini ya 10. Kabla ya kupima, punguza sampuli mara kumi kwa maji yasiyo na klorini: klorini ikizidi, rangi ya waridi ya DPD (dawa ya kupimia klorini) hufifia, na ukiona kichupa cheupe utadhani dawa imekwisha na kuongeza nyingine. Maji hayo usiyaachie mtoni bila kuua klorini. Samaki hawavumilii hata kidogo.