Maswali ya Wavuvi: Samoni Haumwi na Njaa

SWALI: Mimi ni mvuvi wa mshipi hapa Kibirizi, Kigoma. Kaka yangu anaishi Uskoti, kanialika Julai tukavue samoni mtoni. Anasema samaki huyo akiwa mtoni hali chakula. Sasa ananaswaje? Na nikipata wengi, naweza kuuza?

JIBU: Kaka yako kasema kweli. Samoni wa Atlantiki huzaliwa mtoni, huenda baharini kunenepa, kisha hurudi mto uleule, akiutambua kwa harufu ya maji yake. Akishaingia mtoni tumbo husinyaa, naye huishi kwa mafuta aliyokuja nayo mpaka atage. Kinachomfanya adake ndoano bado kinabishaniwa: wengine wanasema hasira, wengine mazoea ya baharini. Kwa hiyo usihangaike na chambo. Kazi yako ni kumpitishia ndoano ya manyoya mbele ya pua kwa mwendo unaomkera.

Utahitaji fimbo ya kushika kwa mikono miwili, futi 13 hadi 15, na mshipi mnene unaoelea, ukimalizikia kwa nailoni ya futi 9 hadi 12 inayohimili ratili 15 hivi. Maji yakizidi nyuzi 10 za Selsiasi, ndoano namba 8 au 10 inatosha. Yakiwa baridi zaidi, tumia mshipi unaozama na ndoano kubwa.

Anzia kichwani mwa kilindi. Rusha mshazari, yaani nyuzi 45 kuelekea maji yanakoshuka. Mshipi ukitua tu, inua tumbo lake ulirudishe upande wa juu, la sivyo mkondo utalibeba na ndoano itapita mbio, samoni asiijali. Iache ivuke polepole hadi ining'inie usawa wako, shuka hatua mbili, rusha tena.

Hapo ndipo mkono wa Kibirizi utakapokuponza. Mgebuka, samaki wetu wa ziwani, akigusa, unavuta papo hapo. Samoni akishadaka hugeuka kurudi alipokuwa amelala. Ukivuta kabla hajageuka, unaichomoa ndoano kinywani mwake. Mwache auchukue mshipi, rili, yaani kigurudumu cha mshipi, izunguke, ndipo uinue fimbo taratibu. Ndoano itakuwa imeshika pembeni mwa taya, penye nyama ngumu.

Kuuza, hapana. Sheria ya Uskoti inakataza kuuza samoni aliyevuliwa kwa fimbo, na Jumapili havuliwi kabisa. Haki ya kumvua ina mwenyewe kwa kila kipande cha mto. Kuvua bila kibali ni kosa la jinai, kwa hiyo kaka yako akipate mapema, kwa maandishi. Samoni wamepungua mno, ndiyo maana wengi hurudishwa majini. Sisi tuliofungiwa Ziwa Tanganyika tangu 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 tunajua uchungu wa amri kama hizo, lakini zinastahili kutiiwa. Bana kimwiba cha ndoano kwa koleo, usimtoe samaki majini, mshike akiukabili mkondo hadi aondoke kwa nguvu zake.

SWALI: Trauti wa baharini naye huvuliwa hivyohivyo? (Msomaji, Ujiji)

JIBU: Kwa sehemu. Huyu ni trauti wa kahawia aliyekwenda baharini, na ni mwoga kupindukia. Huvuliwa zaidi usiku, Juni na Julai. Usiingie majini kabla giza halijakolea. Ukimshtua mapema, kilindi kizima kimelala. Mdomo wake ni laini, ukimkazania unachanika. Kumtofautisha na samoni, shika shina la mkia: la samoni ni jembamba na mkia umeingia katikati, hivyo unambeba bila taabu. Trauti mkia wake umenyooka ukingoni, atakuponyoka.

SWALI: Hatuwezi kupandikiza samoni Malagarasi? (Msomaji, Urambo, Tabora)

JIBU: Haiwezekani, na tusijaribu. Maji yakifika nyuzi 20 samoni huanza kuhangaika, na wavuvi makini wa huko huweka fimbo chini. Malagarasi ni mto wa joto, na huko unakomwaga, Ziwa Tanganyika, hata kilindini maji hayashuki chini ya nyuzi 23. Tena ziwa hilo lina mgebuka, asiyepatikana kiasili popote pengine duniani. Nguvu za kupandikiza mgeni zitumike kulinda mazalia yake.