Usiwashe injini kwa namba ya taimingi uliyopewa na mtu

Ndugu mleta uzi, umeuliza kama sensa ya krenki ya nyaya mbili inafaa kuliko ya nyaya tatu, na koili za cheche uzipange vipi kwenye hiyo injini yako ya Toyota 4A-GE, kisha ukataja kwa kupita tu kwamba mwenye injini kama yako amekupa namba ya pembe ya taimingi, yaani ya wakati wa plagi kupiga cheche, nawe jioni utaiingiza kwenye kompyuta ya injini na kuwasha. Usiwashe.

Gurudumu lako la meno 36 lililopunguzwa jino moja, linalozunguka na krenki mbele ya sensa, halijui pistoni iko wapi. Sensa huona meno 35 yakipita, kisha pengo, na kompyuta huanza kuhesabu upya. Kila jino ni nyuzi 10 za mzunguko wa krenki. Kutoka kwenye pengo hadi pistoni ya kwanza ifike juu kabisa ni nyuzi ngapi, kompyuta haijui mpaka uiambie (hiyo ndiyo namba ya pembe), na jibu hutegemea gurudumu lilivyofungwa kwenye puli na mahali kishikio cha sensa kilipochomelewa. Aliyekupa namba alichomelea kwake, wewe umechomelea kwako.

Fundi aliyenifungia mfumo kama huo aliniapia kwamba namba yake ni ya injini zote za aina hiyo, na taa ya taimingi, ile inayomulika kila plagi inapopiga cheche, hakuishika hata mara moja. Alikuwa amekosea jino moja. Injini iliwaka vizuri na gari likapanda mlima vizuri, na hapo ndipo ilipo hatari, kwa sababu skrini ilipoandika nyuzi 25 kabla ya pistoni kufika juu, plagi zilikuwa zikipiga cheche kwenye 35. Mchanganyiko ukawaka mapema mno, shinikizo likafika kilele pistoni ikiwa bado inapanda, na mlio wa injini kugonga ukamezwa na kelele za ekzosi. Tulipofungua, kingo za mifereji ya ringi zilikuwa zimevunjika kwenye pistoni mbili na ukuta wa silinda umechanika mistari. Nililipia pistoni, kuchonga silinda, gasketi ya kichwa na kazi yote ya kufungua na kufunga, naye akasingizia mafuta ya kituoni. Anayepokea pesa za taimingi bila kuwa na taa hastahili kuitwa fundi.

Kwanza hakiki alama ya puli kwa kutafuta pistoni ya kwanza inapofika juu kabisa kupitia tundu la plagi, maana ukingo wa nje wa puli umeshikwa na mpira, na mpira ukizeeka ukingo huteleza pamoja na alama yake. Chomoa injekta, funga taimingi kwenye nyuzi 10 ndani ya programu, zungusha injini kwa stata huku taa ikimulika puli, na ubadilishe namba mpaka alama isome 10. Kisha rudisha injekta, washa, na upandishe hadi mizunguko 4,000 kwa dakika taimingi ikiwa bado imefungwa. Alama ikihama kadiri kasi inavyopanda, na sensa yako ni ya nyaya mbili, badilisha nafasi za nyaya hizo: umeme wake huvuka sifuri kwa ghafla upande mmoja tu wa wimbi, na ukiunganisha kinyume kompyuta hufuata upande wa pili, ambao husogea kasi ikibadilika. Ukishazibadilisha, ile namba ya pembe haifai tena. Ipime upya tangu kwenye stata.