Kabla Hujajitolea Kuwasindikiza Watoto Juu ya Farasi

Baada ya kustaafu ualimu nilijitolea kwa miaka mitatu katika shamba moja lililo kando ya Ziwa Victoria, upande wa Ilemela mkoani Mwanza, ambako kila Jumamosi asubuhi watoto wenye mtindio wa ubongo, usonji na ulemavu mwingine hupandishwa juu ya farasi wawili na punda mmoja, chini ya uangalizi wa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Wengi wameniuliza wafanye nini ili nao wajitolee, na karibu wote huanza kwa kuniambia kwamba wanawahurumia sana watoto hawa. Sina shaka nao hata kidogo. Hata hivyo, ushauri wangu wa kwanza ni kwamba huruma ikufikishe getini, na ukishaingia uiweke kando ujifunze kazi, kwa maana mimi mwenyewe iliniponza.

Katika wiki yangu ya pili nilipangwa kutembea kando ya mvulana wa miaka saba ambaye mkono wake wa kushoto ulikuwa umekunjwa ngumi wakati wote, kidole gumba kikiwa kimefichwa ndani. Nilimwonea uchungu. Nikamkumbatia kiunoni ili asianguke, nikawa namsemesha mfululizo, kisha nikaanza kumfungua vidole kimoja kimoja ili ashike singa za farasi. Mwili wake ukakakamaa, akaegemea upande wangu, na farasi jike tuliyemwita Tausi akalaza masikio nyuma na kusimama. Kijana aliyeshika kamba akaniambia kwa upole, "Mwalimu, mwachie kidogo. Wewe unamvuta, na Tausi anausikia uzito umehama." Nilikuwa nimemnyima mtoto yule kitu chenyewe alichokuja kukitafuta.

Farasi anapotembea, mgongo wake huenda mbele na nyuma, juu na chini, na kuyumba pembeni, na mwendo huo huizungusha nyonga ya aliyeketi karibu sawasawa na inavyozunguka ya mtu atembeaye kwa miguu yake. Mtoto ambaye hajawahi kutembea anaupata mwendo huo kutoka chini yake, na kila hatua inamlazimu arekebishe mgongo, shingo na tumbo ili akae wima. Ukimshikilia kiunoni, wewe ndiwe unayerekebisha. Zaidi ya hapo, joto la mwili wa farasi, ambalo kwa kawaida ni kati ya nyuzi 37.5 na 38.5, huipa nafuu misuli iliyokaza, na kwa sababu hiyo watoto wengine huketishwa juu ya blanketi badala ya tandiko gumu.

Mfano ninaoupenda ni wa Lis Hartel wa Denmark, ambaye polio ya mwaka 1944 ilimwacha amepooza kuanzia magotini kwenda chini. Mwaka 1952, katika Olimpiki ya Helsinki, alipata medali ya fedha katika mashindano ya farasi, ilhali hakuweza kupanda wala kushuka bila kushikwa mkono. Waliomsaidia walimfikisha mgongoni mwa farasi, na baada ya hapo kazi ilikuwa yake.

Kwa hiyo jifunze nafasi yako vizuri. Kwa kawaida mmoja huongoza farasi, na wawili hutembea kando yake, mmoja kila upande, mkono mmoja ukiwa juu ya paja la mtoto au kwenye kifundo cha mguu, kwa uzito uleule unaotumia kumshika mtoto aliyelala. Maagizo yatoke kwa mtaalamu peke yake, kwani sauti tatu kwa wakati mmoja humchanganya mtoto, hasa mwenye usonji. Vaa viatu vilivyofunika vidole, na kanga uifunge barabara isipeperuke. Mkaribie farasi kwa upande wa bega huku ukimsemesha, kwa kuwa haoni kilicho nyuma yake kabisa wala kilicho mbele ya paji la uso wake. Na usimpandishe mtoto yeyote ambaye daktari hajamruhusu, hata mzazi akikusihi: wenye ugonjwa wa Down huhitaji kupimwa uimara wa shingo kwanza, na kifafa kisichodhibitiwa au nyonga iliyoteguka vinaweza kugeuza tiba kuwa madhara.

Utaulizwa pia kwa nini farasi ni wachache huku kwetu ilhali ng'ombe wamejaa Usukumani kote. Mbung'o na visubi ndio sababu kubwa. Visubi hueneza ugonjwa unaoua farasi kwa haraka, na huuma zaidi kuanzia jua linapozama hadi alfajiri, kwa hiyo farasi wetu huingizwa bandani mapema na kutolewa jua likiwa limechomoza. Punda huhimili ugonjwa huo vizuri zaidi, nami naamini kwamba mahali pasipo na farasi, punda mpole aliyefunzwa anaweza kumfaa sana mtoto, hata ikiwa ni kwa kumpiga brashi na kumlisha tu. Anayeona kazi ya kuzoa kinyesi na kusafisha kwato ni ya kumshusha hadhi, asianze kabisa.

Lililo gumu kuliko yote ni kufika kila wiki. Mama wa mvulana yule alitoka Buhongwa akiwa amembeba mtoto mzito mgongoni, akipanda daladala mbili, na alikuwa akifika kabla yangu na kunisalimu "Mwangaluka, Mwalimu" kwa uso mkunjufu. Nilipokosa Jumamosi moja kwa sababu ya sherehe, mtoto alikataa kupanda. Ilichukua wiki tatu kurudi tulipokuwa. Katika mwezi wetu wa tano pamoja, Tausi akitembea polepole kuelekea ziwani, niliona kidole gumba kikichomoza chenyewe, kisha vidole vingine, mpaka kiganja kikalala wazi juu ya shingo ya farasi. Mkono wangu ulibaki pajani mwake, nami sikusema neno.

Siku ikifika ya kuondoka, kama ilivyonifikia mimi goti liliponizidi, usipotee ghafla. Nilimwambia mvulana yule wiki nne kabla, nikaja na dada atakayenipokea, tukampiga Tausi brashi sisi watatu kila Jumamosi. Katika wiki ya mwisho yeye ndiye aliyemwonyesha dada yule pa kusimama, karibu na bega.